Kujifunza Kuteleza kwa Ubao wa Theluji Ukiwa Mtu Mzima na Mwoga: Mwongozo kwa Anayeanzia Kampala

Mwongozo huu ni wa mtu aliyevuka miaka thelathini, anayeishi Kampala, Jinja au Mbarara, na ambaye barafu anayoijua ni ile ya kwenye friji. Labda ndugu yako anafanya kazi Dubai na amekualika. Labda umepata nafasi ya masomo Canada au Ujerumani, na wenzako wa huko wameshaanza kupanga safari ya mlimani. Au umeona tu video za Brolin Mawejje, kijana aliyezaliwa Uganda, akahamia Marekani akiwa mtoto na kufika mbali katika mchezo huu, ukajiuliza: mimi je?

Tuelewane mapema. Yeye alianza mdogo. Mtoto akianguka hucheka, kwa sababu ni mwepesi, yuko karibu na ardhi, na hana kodi ya nyumba. Wewe kabla hujafika chini umeshawaza hospitali, kazi ya Jumatatu na nani atawapeleka watoto shule ukiwa na mkono wa plasta. Woga huo una akili, na sitakuambia "usiogope", maana sijaona mtu ambaye neno hilo lilimsaidia. Kinachosaidia ni kupanga upya masomo. Wengi hutaka kuteleza kwanza na kusimama baadaye. Mtu mwoga ajifunze kuanguka, kisha kusimama, ndipo ateleze. Mwili ukishajua breki iko wapi, woga hupungua wenyewe bila hotuba. Na sehemu kubwa ya masomo hayo unaweza kuyafanya hapa nyumbani kabla hujanunua tiketi.

Chagua theluji yako

Swali la kwanza la kila Mganda ni Rwenzori. Theluji tunayo wenyewe, kwa nini tupande ndege? Kwa sababu barafu iliyobaki kule juu karibu na kilele cha Margherita, mita 5,109, imesinyaa sana, ina nyufa ndefu, na kuifikia ni safari ya siku kadhaa za matope, ngazi na baridi. Watu huivuka wakiwa wamefungwa kamba, wamevaa vyuma vya meno chini ya buti na wakiongozwa na wenyeji wanaoujua mlima. Hakuna lifti ya kukupandisha mteremko, hakuna mteremko uliosawazishwa, hakuna mwalimu. Nenda Rwenzori kupanda mlima. Kujifunza ubao, hapana.

Kwa mwoga, mahali pa kwanza ninapopendekeza ni Ski Dubai, ukumbi wa theluji ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates, uliofunguliwa mwaka 2005. Mteremko wake mrefu zaidi una mita 400 hivi. Joto ni chini kidogo ya sifuri, halibadiliki, hakuna upepo wala ukungu, na hewa ni ya kawaida kwa sababu uko usawa wa bahari. Theluji ya leo ni ile ile ya kesho. Wanaojua mchezo hupachoka haraka, lakini wewe hutafuti msisimko, unatafuta mahali ambapo hakuna jambo jipya linalokuvamia. Mtu ambaye hajui kabisa haruhusiwi kupanda mteremko mkuu bila somo, na hilo ni zuri.

Chaguo la pili ni Afriski nchini Lesotho, kwenye mlima wa Mahlasela, mita 3,222 juu ya bahari. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, na sehemu kubwa ya theluji hutengenezwa kwa mashine usiku, wakati baridi inapokaza. Unaruka kutoka Entebbe hadi Johannesburg, kisha ni mwendo wa saa tano hivi kwa gari hadi mpaka wa Caledonspoort na kupanda kupitia Butha-Buthe. Barabara ya mwisho, ya Moteng, ina kona kali na inaweza kuwa na barafu, kwa hiyo panga kufika mchana. Ukumbuke pia kwamba Kampala iko karibu mita 1,200. Kuruka hadi zaidi ya 3,000 kunaweza kukupa kichwa kuuma na pumzi fupi siku ya kwanza. Kunywa maji, lala, anza kesho yake. Waragi iache Entebbe.

Kama safari yako ni ya Ulaya au Amerika, uliza tu swali moja kabla ya kulipa: je, kuna eneo la wanaoanza lililotengwa na mteremko wa kawaida? Pale ambapo wanaoanza na wenye kasi wanapita njia moja, mwoga hatajifunza kitu.

Karatasi na daktari

Hapa nitapita upesi. Angalia masharti ya viza mapema. Kwa Lesotho kumbuka kwamba unaingia Afrika Kusini, unatoka, halafu unaingia tena, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja inaweza kukuacha umekwama mpakani. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano; huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usiende kuchanjwa siku moja kabla ya safari. Soma bima yako ya safari hadi maandishi madogo: nyingi hazigusi michezo ya theluji mpaka uongeze malipo.

Daktari usimruke kama una goti bovu, presha au ujauzito. Zaidi ya yote, kama una selimundu. Uganda ina wagonjwa wengi wa selimundu, na baridi kali pamoja na hewa nyepesi ya juu huweza kuamsha maumivu makali. Hata aliyerithi vinasaba vya selimundu upande mmoja tu, ambaye nyumbani haumwi kamwe, anaweza kupata shida ya wengu kwenye milima mirefu. Kama hujawahi kupimwa, pima kabla ya Lesotho.

Wiki sita za nyumbani

Mchezo huu unachezwa kwa magoti yaliyokunjwa. Anayeanza huchoka mapaja kabla ya kuchoka roho, na mapaja yakichoka magoti hunyooka, magoti yakinyooka unaanguka. Kwa hiyo fanya mambo machache, mara tatu kwa wiki.

Egemea ukuta na ushuke mpaka mapaja yawe sambamba na sakafu, bila kiti, ukae hapo hadi miguu itetemeke. Simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, uinue na kushusha visigino polepole. Hii ni misuli utakayoililia siku ya pili, utakapojifunza kusimama kwa vidole. Panda vilima. Kampala haijatunyima vilima, na kushuka Tank Hill ya Muyenga kwa miguu, magoti yamekunjwa, kunafundisha mapaja kazi ambayo gym ya kisasa inaitoza pesa.

Kisha tengeneza ubao wa mizani. Mpe seremala vipimo: ubao imara wa sentimita 80 kwa 30, wenye kipande cha mbao kilichopigiliwa chini kila mwisho ili usichomoke. Tafuta bomba gumu la plastiki lenye upana wa sentimita 10 hivi, likatwe urefu wa sentimita 40. Weka bomba chini, ubao juu, simama kando ya kitanda na ukuta, na ujifunze kutulia. Kwanza shika ukuta. Macho yaangalie mbele, yasiangalie miguu. Hii ndiyo tabia ya kwanza kuvunjwa, kwa sababu mtu mwoga hutazama miguu yake muda wote, na mwili hufuata macho.

Kwenye godoro, jifunze kuanguka. Usicheke, hili ndilo somo muhimu kuliko yote katika mwongozo huu. Jeraha linaloongoza kwa wanaoanza ubao wa theluji ni la kifundo cha mkono, na linatokana na jambo la asili kabisa: unapoanguka, mkono unatangulia kudaka ardhi. Unapaswa kuufundisha mwili kuacha hilo.

Kuanguka kinyumenyume: chuchumaa, kaa kwa makalio, kisha jiviringishe hadi mgongoni. Kidevu kiguse kifua ili kichwa kisipige chini. Mikono ikunjwe kifuani, ngumi zimefungwa. Kuanguka mbele: piga magoti, kisha ujiangushe kwenye vigasha vya mikono, kuanzia kiwiko hadi ngumi, vyote viguse kwa pamoja. Viganja visifunguke. Rudia mpaka mtu akikusukuma bila kukuonya, ngumi zinajifunga zenyewe. Mwambie mwanao akusukume. Ataifurahia kazi hiyo kuliko unavyodhani.

Wanaoishi Kampala wana faida moja zaidi. Kitintale kuna uwanja wa skeitibodi uliojengwa mwaka 2006, na vijana wa pale wanajua kusimama upande kuliko watu wengi waliozaliwa kwenye theluji. Nenda asubuhi, omba kwa heshima, na uombe kufundishwa kusukuma na kuteleza sehemu tambarare tu. Usipande kuta zile. Saruji haisamehi, na lengo lako ni dogo: kuzoea kusafiri ubavu ukiwa mbele na shingo imegeuka. Wewe ndiye utakuwa mkubwa kuliko wote uwanjani, na watakucheka kidogo. Baada ya hapo watakufundisha.

Hapo hapo utagundua mguu wako wa mbele. Kama hujui, vaa soksi kwenye sakafu ya vigae, kimbia hatua mbili uteleze: mguu unaotangulia bila kufikiri ndio wa mbele. Wengi hutanguliza wa kushoto. Anayetanguliza wa kulia hana kasoro yoyote. Ampe tu taarifa anayemkodishia ubao.

Nguo zipo Owino

Usinunue nguo za theluji Ulaya. Zimeshakuja zenyewe. Makoti yale manene ambayo madereva wa boda wa Kampala huvaa alfajiri, mengi yalishonwa kwa ajili ya mteremko na yamefika kwenye marobota ya mitumba. Nenda Soko la Mtakatifu Balikuddembe, maarufu kama Owino, mapema siku robota linapofunguliwa, na utafute suruali pana ya kuteleza yenye zipu za hewa mapajani na utepe wa ndani kifundoni unaozuia theluji isiingie. Mimina maji kidogo kwenye kitambaa: yakibaki matone, nguo bado inakinga, yakinywewa, iache au ipulizie dawa ya kuzuia maji.

Pamba ndiyo adui. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, na ukikaa kwenye lifti inakuganda mwilini. Ngozi ya kwanza iwe ya sufu nyembamba au ya nailoni ya michezo, hata jezi ya mpira wa miguu inafaa. Juu yake sweta la manyoya ya plastiki, kisha koti. Soksi jozi moja ndefu. Jozi mbili hukaba damu na kuleta baridi zaidi.

Pesa uliyookoa Owino itumie kwa vitu vitatu vipya: kinga za vifundo vya mkono, glovu zisizopitisha maji, na bukta yenye sponji ya makalio na kiuno. Hiyo bukta watu huionea aibu. Inavaliwa chini ya suruali, hakuna anayeiona, na ndiyo tofauti kati ya kurudi mteremkoni mchana na kulala kifudifudi hotelini. Helmeti unaweza kukodi. Helmeti ya boda iache nyumbani, ni nzito na inaziba masikio.

Weusi wa ngozi usikudanganye kuhusu jua. Mionzi huongezeka kadiri unavyopanda, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 yake usoni, ikipita chini ya kidevu na puani ambako hujawahi kuungua maishani. Paka mafuta ya jua, paka midomo, vaa miwani ya theluji.

Kukodi ubao na buti

Mwambie mwenye duka maneno haya: ni mara yangu ya kwanza, nipe ubao laini na mfupi. Ukisimamishwa wima uishie kati ya kidevu na pua. Ubao mgumu unafanywa kwa ajili ya kasi na humtupa anayeanza. Kama unavaa viatu vya namba 45 au zaidi, dai ubao mpana. Kwenye ule wa kawaida vidole vyako vitakokota theluji na utaanguka bila kujua sababu.

Buti ndiyo ya kuchagua kwa muda mrefu. Ifunge kabisa, simama, kunja magoti. Kisigino kisiinuke hata kidogo. Vidole viguse mbele kidogo ukisimama wima, viachie ukikunja magoti. Ikikuuma sasa, itakuumiza zaidi baada ya saa mbili, kwa hiyo badilisha bila haya, hata mara nne. Mwache fundi aweke vifungo vinavyoshika buti kwenye ubao kwa upana wa mabega, miguu yote miwili ikielekea nje kidogo.

Siku ya kwanza

Chukua mwalimu wa kulipwa. Shemeji anayejua sana atakupeleka juu, atakuambia "ni rahisi", kisha atakusubiri chini. Mwalimu wa kweli atakuweka kwenye theluji tambarare, na kama hafanyi hivyo, mwambie wewe mwenyewe: mimi naogopa, nataka kwanza kusimama. Hakuna mwalimu mzuri atakayekasirika.

Anza bila ubao. Tembea, ruka, jiangushe kama ulivyofanya kwenye godoro. Dakika kumi za kujiangusha kwa hiari huondoa nusu ya hofu, kwa maana sasa unajua theluji inavyopokea mwili.

Funga mguu wa mbele tu. Sukuma kwa wa nyuma, uteleze mita chache, mpaka ubao usimame wenyewe. Goti la mbele litalalamika kwa sababu mguu umefungwa upande. Usiliburuze, geuka kwa hatua ndogo. Fanya hivi mpaka uchoke nako, maana ndivyo utakavyoshuka kwenye lifti.

Halafu panda kwa miguu mteremko mdogo, mita kumi tu, kaa chini, ubao ukiwa umekatiza mteremko, na ufunge miguu yote. Kunyanyuka kutoka kwenye makalio ni kazi ngumu kwa mwenye tumbo au nyonga zilizokaza. Njia ya watu wazima ni hii: jigeuze kifudifudi, piga magoti ukitazama juu ya mlima, sukuma kwa ngumi, simama. Hakuna sheria inayokulazimisha kunyanyuka kivijana.

Sasa breki yenyewe. Ubao una makali mawili ya chuma, moja upande wa visigino na jingine upande wa vidole. Simama ukitazama bondeni, ubao umekatiza, magoti yamekunjwa, uzito visiginoni, na uinue vidole vya miguu ndani ya buti. Makali ya visigino yanauma theluji na umesimama. Shusha vidole kidogo, kidogo sana, ubao unaanza kuteleza upande upande kushuka. Inua tena, umesimama. Teleza, simama. Teleza, simama. Baki hapa kuliko mwalimu anavyotaka. Asubuhi nzima si nyingi. Nikimwona mtu mzima mwoga akiteremka mteremko wa wanaoanza kwa njia hii tu, akisimama kila anapotaka, najua ameshapata kile alichokijia; mengine ni nyongeza.

Onyo moja: ukishusha vidole mno, ubao unalala bapa, na makali ya upande wa bondeni yanaingia kwenye theluji. Hapo utarushwa ghafla, bila onyo. Watelezaji wote wanakijua kipigo hicho. Kinga yake ni kuhakikisha kwamba makali ya upande wa mlima ndiyo yanayofanya kazi kila wakati, ya bondeni yakiwa hewani.

Breki ikikutii, hamisha uzito kidogo kwenye mguu wa kushoto huku ukitazama kushoto na kunyoosha mkono huko. Ubao utakwenda kushoto na kushuka kwa mshazari. Simama. Hamisha kulia, utakwenda kulia. Unashuka mlima mzima ukipinda kwenda na kurudi kama jani linavyoanguka, bila kugeuza mgongo hata mara moja. Kwa njia hii mwoga anaweza kushuka salama karibu mteremko wowote wa wanaoanza. Ikitokea siku moja umepotea njia ukajikuta mahali pakali, hii ndiyo itakayokurudisha.

Upande wa vidole

Hapa woga unarudi, na una haki, kwa sababu sasa unautazama mlima na bonde liko mgongoni. Mwombe mwalimu akushike mikono yote miwili. Sukuma mifupa ya mbele ya miguu dhidi ya ulimi wa buti, visigino viinuke, nyonga zisogee mbele kuelekea mlimani. Wengi huinama kiunoni makalio yakibaki nyuma; hapo makali hayaumi. Inua kifua. Tazama mlima, kisha tazama juu ya bega, usitazame theluji iliyo chini ya pua yako.

Ukinaswa upande huu unaanguka kinyumenyume, ndiyo maana kidevu kifuani kilifundishwa kwenye godoro, na ndiyo maana helmeti haivuliwi.

Kugeuka

Kugeuka ni kutoka makali moja kwenda jingine, na katikati kuna sekunde moja au mbili ambazo ubao unaelekea moja kwa moja bondeni. Sekunde hizo ndizo zinazowashinda waoga. Mwili unataka kukimbia, unaegemea nyuma, na kuegemea nyuma ndiko kunakoharibu: ubao huongozwa na mguu wa mbele, ukiunyima uzito hauna usukani, unaongeza kasi tu. Ni sawa na abiria wa boda anayejivuta upande wa pili kwenye kona kwa sababu ameogopa. Hofu yake ndiyo inayompa dereva kazi ya kutoanguka.

Kwa hiyo fanya kinyume cha hofu. Nenda mshazari kwa visigino. Weka uzito mguu wa mbele, kwa hakika, bila kukisia. Ruhusu pua ya ubao ishuke. Geuza kichwa utazame ng'ambo unakotaka kwenda, bega lifuate, goti la mbele lifuate, kisha sukuma mifupa ya miguu kwenye ulimi wa buti. Makali ya vidole yameshika, unautazama mlima, umegeuka. Maliza kona mpaka ubao uelekee juu kidogo. Mlima wenyewe utakupunguzia kasi.

Usifanye kona mbili mfululizo siku hiyo. Geuka, simama. Pumzika. Geuka, simama. Kona zitaungana zenyewe. Na hapa methali ya mwenda pole hajikwai inakosa kazi: anayekwenda polepole kupita kiasi huyumba, ubao hulala bapa, na huanguka zaidi ya mwenye mwendo wa wastani. Chagua mteremko mpole ambao mwendo wa wastani haukutishi.

Lifti na adabu za mteremko

Mkanda unaotembea, unaokupandisha ukiwa umesimama juu yake, ni rafiki yako. Lifti ya kuvutwa, ile ya nguzo au ya kisahani, ni ngumu kwa mwenye ubao kuliko kwa mwenye skii, zile mbao mbili nyembamba, moja kwa kila mguu. Simama ukielekeza ubao mbele, usiikalie, iache ikuvute. Kwenye lifti ya viti mguu wa nyuma uwe umefunguliwa. Ukifika, elekeza pua ya ubao mbele, simama, weka mguu wa nyuma katikati ya vifungo, teleza wima bila kujaribu kugeuka. Mwambie mwenye lifti kuwa ni mara yako ya kwanza. Wengi huipunguza mwendo.

Shirikisho la kimataifa la michezo hii, FIS, lina kanuni kumi za mwenendo mteremkoni. Mwoga azishike mbili tatu. Aliye chini yako ana haki ya njia, hata akifanya mambo ya ajabu. Usisimame wala kukaa katikati, hasa mahali pembamba au nyuma ya kilima ambako hawakuoni, kaa pembeni. Kabla ya kuondoka, tazama juu. Hiyo ya aliye chini inakulinda wewe pia: mwenye kasi anayetoka nyuma ndiye mwenye jukumu la kukukwepa. Kwa hiyo huna haja ya kugeuka geuka kwa hofu kila unaposikia sauti.

Woga ukikushika katikati ya mteremko

Utakushika, hata baada ya siku nzuri. Mapaja yanakakamaa, pumzi inapanda kifuani, na bonde linaonekana refu kuliko lilivyo. Simama kwa makali ya visigino, kaa pembeni. Pumua nje kwa muda mrefu kuliko unavyovuta ndani, mara kadhaa. Usitazame mwisho wa mteremko. Chagua kitu kilicho mita tano mbele, bendera au nguzo, na uteleze kwa breki hadi hapo tu. Simama. Chagua kingine. Ikishindikana, fungua ubao, ushike mkononi, utembee pembeni kushuka. Wafanyakazi wa uokoaji wapo kwa ajili hiyo na hawatakuhukumu. Wamewaona wenye misuli wakilia.

Acha mapema. Ajali nyingi za anayeanza huja mchana umekwisha, miguu imechoka, na rafiki amesema "mara moja ya mwisho". Toka ukiwa bado una nguvu ya kupanda tena. Alasiri pia theluji iliyolainika huanza kuganda upya na kuwa ngumu, na asubuhi sana huwa ngumu vilevile, hasa Lesotho. Wakati mzuri wa mwoga ni kati ya asubuhi iliyokomaa na mchana.

Ukirudi nyumbani

Kesho yake utaumwa mahali ambapo hukujua pana misuli: mashavu ya miguu, shingo, mikono kwa kujisukuma. Hayo hupita. Angalia mambo mawili. Ukiwa ulipiga kichwa na una kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida au kichwa kinachozidi kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, huko huko uliko, usingoje Entebbe. Na kama kifundo cha mkono kinauma kwenye kibonde kilicho chini ya kidole gumba, upande wa mgongo wa mkono, nenda ukapigwe eksirei hata kama hakijavimba na vidole vinasogea vizuri. Kuna mfupa mdogo hapo unaovunjika kimya kimya, na ukiachwa huweza kukataa kuunga. Picha ya kwanza wakati mwingine haioni ufa. Mweleze daktari ulivyoanguka, uvae bandeji ngumu atakayokupa, na urudi kwa picha ya pili baada ya siku 10 hadi 14.